Kuujaribu Mtambo kwa Hesabu Kabla ya Kuchimba Shimo

Kila msimu wa karafuu ukimalizika huzuka swali lile lile katika mazungumzo ya wanachama: haya mabaki tuyafanyeje? Makonyo yaliyokwisha kutolewa mafuta yanarundikwa nyuma ya kiwanda, majani yaliyopikwa yanamwagwa juu yake, mvua ikinyesha rundo lafuka na kunuka, na mwisho wake ni kutiwa moto. Wako wanaosema tuchimbe shimo la gesi, tupate moto wa kuchemshia mapipa, na tope litakalotoka liwe mbolea ya mikarafuu. Wako wanaosema hizo ni fedha za kutupa baharini. Sisi twaona pande zote mbili zimejibu kabla ya kupiga hesabu. Siku hizi hesabu hiyo yaweza kupigwa yote. Mtambo mzima waweza kujaribiwa ndani ya kompyuta, ukalishwa, ukavimbiwa, ukafa na kufufuliwa mara elfu moja, kabla jembe halijagusa ardhi. Tutaeleza hapa namna kazi hiyo inavyofanywa, ili wanachama watakapoletewa mpango wowote wa namna hii wajue la kuuliza.

Tutaanza mbali kidogo na visiwa vyetu, tutaanza Hedaru.

Mwenye kusafiri kwa basi kutoka Tanga kwenda Moshi, akishapita Mombo na Mkomazi, huiona Milima ya Upare ya Kusini imesimama upande wa kulia kama ukuta. Kilele chake, Shengena, kimefika mita 2,462. Upande wa kushoto ni tambarare kavu inayoteremkia Mto Pangani. Hedaru iko hapo chini ya ukuta. Pepo za Bahari ya Hindi zikija na mvua huishusha upande wa mashariki na juu ya milima, na Hedaru, iliyo nyuma ya mlima, hupata masazo. Jua liko la kutosha, ng'ombe na mbuzi wako, na ukanda wote huo wa reli ya Tanga ni nchi ya mkonge. Kilichopungua ni maji, na kwa sababu hiyo tumeichagua Hedaru kuwa mfano: mahali penye kitu kimoja kilichopungua ndipo hesabu inapoonyesha faida yake.

Tena watu wa huko si wageni wa jambo hili. Wapare tangu zamani wana mabwawa madogo waitayo ndiva. Maji ya mfereji utokao mlimani ni haba. Yakiachwa yateremke yenyewe, ardhi huyanywa njiani na shamba la mwisho halioni hata tone. Basi huyakusanya usiku kucha ndani ya ndiva, na asubuhi huzibua, maji yakaenda kwa nguvu na kufika mbali. Ndiva iwe kubwa kiasi gani? Izibuliwe saa ngapi? Zamu ianze kwa shamba la juu au la chini? Hayo ni maswali ya hesabu ya kutafuta kilicho bora, ingawa wazee waliyajibu bila ya karatasi, kwa kujaribu mwaka hata mwaka, na kosa moja liliweza kugharimu mavuno ya msimu mzima. Katika bonde la Makanya, kaskazini ya Hedaru kwenye barabara hiyo hiyo, wataalamu wa maji wa miaka ya 2000 walipima mito, mifereji na ndiva, wakaunda mifano ya hesabu ya bonde hilo. Walichofanya ni kuuliza kwa namba yale waliyoyauliza wazee kwa jembe.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuiga. Unaandika kanuni za kitu jinsi kinavyokwenda, kisha unaiuliza kompyuta: tukifanya hivi, kutatokea nini? La pili ni kutafuta kilicho bora. Hapo unauliza: katika yote tunayoweza kuyafanya, bila ya kuvuka mipaka ya maji, fedha na mahali tuliyo nayo, lipi litaleta faida kubwa zaidi? La pili haliwezekani bila ya la kwanza, na la kwanza peke yake halikuchagulii kitu.

Sasa tuje kwenye shimo la gesi. Jani la mkonge likipita kwenye korona hutoa nyuzi kiasi cha 4 tu kwa 100. Kwa hiyo kila tani moja ya katani inaacha nyuma yake tani 24 hivi za maganda, majimaji na nyuzi fupi, na kwa miaka mingi vitu hivyo vilitupwa mitoni au kuachwa vioze nje. Vikioza mahali pasipo hewa hutoa gesi iwakayo, sawasawa na gesi ya samadi ambayo shirika la CAMARTEC la Arusha limeieneza majumbani. Huko Hale, Mkoa wa Tanga, Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kutoa gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ukaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 2000. Basi kwamba jambo lawezekana, hapana shaka. Linalobaki ni ukubwa gani, chakula gani, na kwa gharama gani.

Wanaofanya kazi ndani ya shimo ni vijidudu, nao wamegawana kazi kama tunavyogawana sisi wakati wa mavuno. Wa kwanza hukata vitu vikubwa kuwa vidogo. Wa pili huvigeuza vidogo hivyo kuwa siki za namna mbalimbali. Wa mwisho hula siki na kutoa gesi. Sasa kila mkulima anajua litokealo wachumaji wakileta karafuu nyingi kuliko nafasi ya majamvi: mbichi zinarundikana, zinapata joto, na kinachouzwa ni mpeta. Ndani ya shimo ni hivyo hivyo. Vijidudu vya siki vina haraka, vya gesi ni vya polepole. Shimo likilishwa kupita kiasi, siki inazidi, vijidudu vya gesi vinakufa, na unabaki na pipa la uchachu lisilowasha hata kibiriti. Mtu akisema mtambo wake ulikufa bila ya sababu, mara nyingi sababu ni hiyo.

Mwaka 2002 kundi la wataalamu chini ya Chama cha Kimataifa cha Maji lilitoa mfano wa hesabu uitwao ADM1, ambao ndani yake kazi zote hizo za vijidudu zimeandikwa katika hatua 19, kila moja na kasi yake na vitu viizuiavyo. Mfano huo hutumiwa duniani hata leo, pamoja na matengenezo mengi yaliyofuata. Hatuwezi kuuweka wote hapa, wala hapana haja. Tutachukua mfano mdogo ambao mwanachama yeyote anaweza kuufuata kwa kalamu, na namba zake twaziweka sisi kwa ajili ya kujifunzia tu. Mtu asizichukue kwenda kujengea.

Tuseme kila siku tuna mita 2 za ujazo za kulisha, nusu mabaki na nusu maji. Tuseme mabaki hayo yakioza yote kabisa yatatoa gesi ya thamani ya shilingi 30,000 kwa siku. Lakini hayaozi yote. Inategemea yamekaa siku ngapi ndani ya shimo. Kanuni yetu iwe hii: chukua idadi ya siku, igawanye kwa siku hizo hizo ukiongeza 10. Yakikaa siku 10, ni 10 kugawanya kwa 20, yaani nusu. Yakikaa siku 30, ni 30 kwa 40, yaani robo tatu. Yakikaa siku 90, ni 9 katika 10. Mtaona kwamba siku za mwanzo zina faida kubwa na za mwisho zina faida ndogo, na ndivyo ilivyo katika mashimo ya kweli.

Kukaa siku nyingi kwataka shimo kubwa. Kwa mita 2 kila siku, siku 30 zataka shimo la mita 60 za ujazo, na siku 60 zataka mita 120. Tuseme gharama ya kujenga, ikigawanywa juu ya miaka ya maisha ya shimo, ni shilingi 100 kwa siku kwa kila mita moja. Basi kila siku moja ya kukaa inagharimu shilingi 200.

Tujaribu. Siku 10: gesi ni 15,000, toa 2,000, zabaki 13,000. Siku 20: gesi 20,000, toa 4,000, zabaki 16,000. Siku 30: 22,500, toa 6,000, zabaki 16,500. Siku 40: 24,000, toa 8,000, zabaki 16,000. Siku 60: gesi imefika 25,714, lakini toa 12,000, zabaki 13,714 tu. Kwa hiyo mwenye shimo kubwa kuliko wote ndiye mwenye gesi nyingi kuliko wote, na faida yake inakaribia ya yule mwenye shimo dogo la siku 10. Kilele kiko karibu na siku 29. Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma hesabu ya mabadiliko atakipata kilele hicho kwa mstari mmoja. Sisi tumekipata kwa kupapasa, na kompyuta nayo mara nyingi hupapasa, ila kwa haraka ya kutisha.

Angalieni jambo moja ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kilele cha mlima huu si chembamba. Kati ya siku 20 na siku 40 tofauti ya faida ni shilingi 500 kwa siku tu. Basi mtu asigombane na jirani yake juu ya siku 29 au 31. Ikiwa juu ni bapa hivyo, busara ni kusimama upande wenye salama, na upande wenye salama ni ule wa siku nyingi, maana siku zikipungua sana vijidudu vya gesi vinasukumwa nje kabla ya kuzaana, na shimo linakwisha. Kanuni yetu ndogo haiioni khatari hiyo, ADM1 inaiona.

Sasa tulipeleke shimo hilo Hedaru. Maji mita 1 ya ujazo kwa siku ni madumu 50 ya lita 20. Tuseme dumu ni shilingi 100. Hapo 5,000 zimekwenda kila siku, na faida ya siku 30 inashuka kutoka 16,500 hadi 11,500. Fundi mmoja atasema: maji yanayotoka chini ya shimo yarudishwe juu, tusinunue mapya. Shauri zuri, lakini maji yaliyorudishwa yanarudi na chumvi na amonia, na vijidudu vinalegea. Tuseme tukirudisha robo ya maji, ile 10 ya kanuni yetu inakuwa 11; tukirudisha nusu inakuwa 14; tukirudisha yote inakuwa 25. Pigeni hesabu kwa siku 30. Kurudisha robo: faida 12,201. Kurudisha nusu: 11,955. Kurudisha yote, tusinunue hata dumu moja: 10,364, yaani pungufu kuliko kununua yote. Jibu la Hedaru ni kurudisha kidogo. Lakini ukiliweka shimo hilo hilo Wete, kando ya kijito ambacho maji yake hayanunuliwi, jibu ni kutorudisha hata tone. Mtambo ni mmoja, vijidudu ni vile vile, na majibu ni mawili. Kwa hiyo mpango ulioandikwa kwa ajili ya mahali pengine, hata ukiwa umefaulu huko, hauwezi kuletwa hapa na kunakiliwa tu.

Na sisi tumecheza na vitu viwili tu, siku na maji. Ongeza kiasi cha samadi, ongeza urefu wa kukatia nyuzi, ongeza joto la shimo. Ukijaribu namna 10 kwa kila kimoja katika vitano hivyo, majaribio ni 100,000. Kwa kalamu ni kazi ya umri wa mtu. Kwa mashimo ya kweli, kila jaribio likingoja miezi miwili, haisemeki. Kompyuta ya mezani huimaliza hesabu ya kadiri hii upesi, wala si lazima ijaribu yote, kwa kuwa wako wataalamu waliovumbua njia za kukata mkato: Kantorovich wa Urusi mwaka 1939, aliyeanza na kiwanda cha mbao, na Dantzig wa Marekani mwaka 1947. Huku kwetu kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Leo simu iliyo mfukoni mwa mchukuzi wa bandarini ina nguvu kuliko mashine ile ya Wizara.

Lakini kompyuta haijui chochote isichoambiwa, na hapa ndipo tunapowashukuru watu wa maabara. Mwaka 2004 Anthony Mshandete, Amelia Kivaisi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden, walitangaza matokeo ya kuozesha mabaki ya mkonge pamoja na mabaki ya samaki. Kilo moja ya kitu kikavu chenye kuoza cha mkonge peke yake ilitoa mita za ujazo 0.32 za methani, ambayo ndiyo gesi iwakayo. Samaki peke yake walitoa 0.39. Mtu wa kupiga wastani, akichanganya theluthi moja ya samaki na theluthi mbili za mkonge, atatarajia kupata 0.34 hivi. Ilitoka 0.62. Mkonge una sukari nyingi na naitrojeni kidogo, samaki wana naitrojeni nyingi mpaka inageuka amonia ya kuwadhuru vijidudu. Kila mmoja alitibu ugonjwa wa mwenziwe. Mwaka 2006 Mshandete na wenzake walionyesha tena kwamba nyuzi za mkonge zikikatwa mpaka milimita 2 methani hupanda kutoka 0.18 hadi 0.22. Faida hiyo ni kweli, ila kukata nako kwataka mashine na umeme, basi lazima iwekwe kwenye mizani pamoja na mengine.

Visiwani mabaki ya samaki hayana shida. Kila diko lina yake. Kwa hivyo khabari hii ya 2004 yatuhusu pengine kuliko inavyowahusu watu wa Hedaru, ambao wangelazimika kuleta samaki kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu au pwani, na gharama ya lori kuila faida yote.

Lakini makonyo si mkonge, na hapa twaomba wanachama wasikilize vizuri, maana hatujamsikia mtu wa mipango akilitaja. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, 70 mpaka 90 kwa 100, ni eujenoli, ile dawa iwashayo ambayo daktari wa meno huitia jinoni. Inatuliza maumivu na inaua vijidudu. Basi mtu akitia ndani ya shimo majani mabichi au makonyo ambayo hayakutolewa mafuta vizuri, anawalisha wafanyakazi wake sumu. Mabaki yaliyopikwa sawasawa yamepoteza sehemu kubwa ya mafuta hayo, lakini "sehemu kubwa" si namba, na kompyuta yataka namba. Ndiyo maana tunasema mpango wowote wa shimo la makonyo usioonyesha kipimo cha mafuta yaliyobaki katika mabaki haujakamilika, hata ukiwa na picha za rangi.

Kuna na jambo la msimu. Mkonge hukatwa mwaka mzima, na shimo la Hedaru litapata chakula kila siku. Karafuu ni miezi michache, na mwaka wa mavuno makubwa haufanani na mwaka wa mavuno haba. Vijidudu haviwezi kufungwa kama ghala. Ama tuwe na cha kuwalisha baada ya msimu, samadi au majani ya kupikwa, ama tujenge shimo dogo litakaloshiba mwaka mzima na tukubali kwamba wakati wa mavuno makubwa mabaki mengine yatabaki nje. Sisi twaelekea kwenye shimo dogo. Lakini hilo ni oni letu, na hesabu ya mwaka mzima, siku baada ya siku, yaweza kutusahihisha.

Elimu hii ina upande wa pili, na tusipouelewa tutapata khasara. Hesabu zile zile zinazotengeneza shimo la gesi zinatengeneza pia mapipa yanayotoa vitu ambavyo zamani vilitoka shambani tu. Wakulima wa karafuu waliwahi kuonja jambo la namna hii. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilitengeneza vanila ya kiwandani kutokana na eujenoli ya mafuta ya karafuu. Ilipofika miaka ya 1930 wakavumbua kuitoa katika majimaji ya takataka za viwanda vya karatasi, baadaye katika vitu vya petroli, na soko lile la mafuta ya karafuu likapungua. Kazi hiyo ilikuwa ya kemia. Ya siku hizi ni ya hamira.

Iko hamira moja ambayo jina lake la kitaalamu ni Schizosaccharomyces pombe. Neno hilo la mwisho ni la Kiswahili, na wala wasomaji wetu hawahitaji kufasiriwa: hamira hiyo ilipatikana katika pombe ya mtama ya Afrika Mashariki, na Paul Lindner wa Ujerumani akaipa jina hilo mwaka 1893. Mwaka 2009 wataalamu wa Denmark waliitia hamira hiyo, na ile ya kawaida ya mikate, jeni za viumbe wengine, zikaanza kutoa vanila kutokana na sukari. Kiasi kilikuwa kidogo: miligramu 65 kwa lita katika hamira ya pombe, 45 katika ya mikate. Ndipo ikaingia kompyuta. Hamira ya mikate ilikwisha kuandikiwa ramani mwaka 2003, yenye mabadiliko ya kemia zaidi ya 1,000 ndani ya mwili wake, kila moja kama mfereji wenye kupeleka maji mahali fulani. Waliiuliza ramani hiyo: tukiziba mifereji ipi, sukari itaelekea kwenye vanila bila ya hamira kufa? Kompyuta ikachagua michache. Wakaiziba kwa kweli katika maabara, na mwaka 2010 wakatangaza kiasi cha miligramu 500 kwa lita, ikiwa vanila hiyo imefungwa na sukari, kwa sababu vanila tupu inaidhuru hamira kama eujenoli inavyowadhuru vijidudu vya shimo. Mtu wa Hedaru akielezwa habari hii atasema ni ndiva tu, na hatakosea sana.

Je, twogope? Tutazame yaliyowapata wakulima wa artemisia, mmea unaotoa dawa ya malaria, ambao walikuwako Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kutengeneza dawa hiyo kwa wingi katika kiwanda cha Garessio, Italia, kutokana na hamira iliyobuniwa California. Wengi walisema mashamba yamekwisha. Haikuwa hivyo. Kampuni iliuza kilo moja kwa dola 350 mpaka 400, ilhali ya shambani ilishuka chini ya dola 250, na mwaka 2015 kiwanda hakikutoa hata kilo; mwaka uliofuata kikauzwa. Wakulima walishinda, lakini tuseme kweli, walishinda kwa bei ambayo wengi wao haikuwalipa, na wengine waliacha kulima. Pipa halikuhitaji kulifunga shamba. Lilitosha kusimama pale na kuwa kizuizi cha bei.

Kwa karafuu yenyewe hali ni nafuu. Anayenunua karafuu nzima kwa pilau au kwa sigara za Indonesia anataka kichwa na kikonyo chake, na hamira haiwezi kuzaa kikonyo. Khatari iko kwenye mafuta, yaani kwenye makonyo na majani, ambako mnunuzi hutazama kipimo cha eujenoli na bei, asijali kilikotoka. Na katika mafuta, gharama yetu kubwa mojawapo ni moto wa kuchemshia, yaani kuni. Ndiyo sababu suala la shimo la gesi si la usafi wa kiwanja peke yake. Gesi hiyo ikipunguza kuni, bei ya mafuta yetu yapata nafasi ya kupumua siku ambayo pipa la mtu mwingine litasimama sokoni.

Kwa msimu ujao, basi, twawaomba makatibu wa matawi waanze daftari, maana mtaalamu yeyote tutakayemwita, awe wa Dar es Salaam, wa Sokoine au wa Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha, swali lake la kwanza litakuwa namba. Waandike kila siku uzito wa makonyo na majani yaliyoingia, na uzito wa mabaki yaliyotoka yakiwa mabichi. Wachukue kilo moja ya mabaki kila wiki, waianike mpaka ikauke kabisa, na kuipima tena. Waandike kuni zilizotumika kwa kila mpiko, kwa kilo wala si kwa mizigo, kwa kuwa mzigo wa mtu mmoja si mzigo wa mwingine. Waandike maji yanatoka wapi na yanapungua mwezi gani, na diko la karibu linatupa samaki kiasi gani na siku zipi. Mabaki ya kupimwa mafuta yafungwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, si kwenye mfuko wa karatasi, na tarehe ya mpiko iandikwe juu yake.